Kwa Nini Ree na Saba Humla Mfalme

Kabla karata hazijafunzwa adabu, mfalme ndiye aliyekuwa mkubwa wao wote. Ninyi mnaozipiga barazani mpaka mikeka inatoboka mnaona ni jambo la kawaida kwamba ree, ile karata ya moja yenye alama yake pekee katikati, humla mfalme na taji lake na upanga wake. Mnaona ni kawaida pia saba kumla. Mtu mzima mwenye ndevu anashusha mfalme, anapigwa na karata isiyo na hata pua, anasonya, mchezo unaendelea. Hamjiulizi. Zamani haikuwa hivyo, na aliyeyapindua mambo alikuwa mwanamke asiyejua kucheza karata.

Ilikuwa katika mji wa Tundwani, mji uliozungukwa na ukuta wa mawe pande tatu na mikoko upande wa nne. Karata ziliingia humo pamoja na Wareno, na siku hizo zilihesabiwa kama mtoto anavyohesabu vidole. Moja ilikuwa takataka. Mbili iliila moja, tatu iliila mbili, hivyo hivyo kupanda mpaka kumi, kisha wakaja wenye sura, na juu ya wote akakaa mfalme. Hapakuwa na turufu wala ujanja mwingine. Mkubwa alimla mdogo, basi.

Mtawala wa mji, Mwinyi Jaha, alipouona mchezo ule ulimshika kama homa. Hakupendezwa na akili zake. Alipenda kuona uso wa mfalme ukianguka mkekani na kila kitu kilichokuwapo kikinyamaza. Haukupita mwaka akamwambia kadhi akapumzike nyumbani, maana kadhi ana mashemeji na majirani, na karata hazina. Tangu hapo mwenye neno na jirani yake alikaa naye mkekani, na mwenye neno na Mwinyi Jaha alikaa mkekani na Mwinyi Jaha.

Akaweka na sheria. Raia hawezi kumshika mfalme mkononi, ni utovu wa heshima. Ukigawiwa mfalme, uliibusu ile karata, ukaiweka kwenye sinia ya shaba, ikapelekwa kwa Mwinyi, naye akakutupia badala yake karata mbovu kuliko zote alizokuwa nazo. Tena yeye ndiye aliyeanza kushusha kila mara, maana nani angemtangulia? Watu walipoteza mashamba, walipoteza nyumba za mama zao, wakatoka wakisema karata zimewakataa. Hakuna aliyesema ameibiwa. Mtu akinyang'anywa kwa utaratibu mzuri, wenye sinia ya shaba na watu waliovaa joho, hurudi nyumbani akijilaumu mwenyewe.

Sasa, karibu na msikiti wa Tundwani palikuwa na kisima, na mwangalizi wake alikuwa Bi Mwanamize Shomari. Alikuwa mjane, mwembamba kama kamba yake ya kutekea, na mdomo wake ulijulikana mpaka ng'ambo ya mikoko. Kisima kile kilichimbwa na mama wa bibi yake na kikawekwa wakfu: maji yake hayauzwi, hayafungiwi, na mwenye kiu haulizwi ametoka wapi. Wanawake walichota hapo, wasafiri walikunywa hapo, waumini walitawadha hapo. Kisima cha pili cha mji kilikuwa cha chumvi chumvi, na watoto waliokinywa kiangazi walizikwa kabla ya masika. Kwa hiyo Bi Mwanamize alibadilisha kamba, alitoa majani, na aliwatukana waliosukutua karibu na ukingo. Karata hakuzijua wala hakutaka kuzijua. Aliziita upuuzi wa wanaume wenye makalio mazito.

Jumapili moja waziri wa Mwinyi, jina lake Makungu, alifika kisimani amevaa joho na kushika bakora.

"Shikamoo, Bi Mwanamize."

"Marahaba. Umekuja mwenyewe, hukutuma mtu. Basi una jambo baya."

Makungu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyelipwa kucheka. "Jambo la heri, bibi. Mwinyi anajenga hamamu. Itakuwa na marumaru na bustani. Kisima hiki kitakuwa ndani ya ukuta wake."

"Ndani ya ukuta."

"Maji yatabaki pale pale. Kitakachoongezeka ni mlango tu."

"Mlango una kufuli?"

"Bibi nawe, mlango usio na kufuli ni wa nini?"

"Na watu msikitini watatawadha kwa mate?" Bi Mwanamize aliiweka ndoo chini. "Mwambie Mwinyi kisima hiki si changu hata nikampa. Si cha mtu. Marehemu alikwisha kumpa Mungu."

"Hayo utayasema mkekani," alisema Makungu. "Alhamisi, kabla ya adhuhuri. Ukishinda, kisima kinabaki wazi. Usipokuja, umeshindwa."

"Mimi sijui karata."

"Hata wanaozijua hawashindi," alijibu Makungu, akaondoka akiinua joho lake lisiguse tope.

Bi Mwanamize hakulia. Wa kumlilia hakuwapo, na machozi hayajazi ndoo. Lakini siku ile aliteka ndoo nusu nusu. Alijua kwamba ifikapo Alhamisi jioni wanawake watafika na mitungi yao na kukuta mafundi wanapima ukuta, na jina litakalotajwa kwa miaka yote ijayo ni lake, yeye aliyekikalia kisima cha wakfu mpaka kikapotea.

Alasiri hiyo alikuja kuteka maji Manweli. Huyu alikuwa Mreno aliyeachwa na wenzake alipougua, akapona, akabaki mjini akitengeneza bunduki za Mwinyi Jaha. Kiswahili chake alikiokota kwa askari na wachunga mbuzi, na kilifanana na waliomfundisha. Neno "mfalme" hasa lilimshinda. M na f ziligombana mdomoni mwake mpaka akatema mate, na Bi Mwanamize kwake alikuwa Mama Misi. Hata hivyo hakuwa mtu mbaya, na Bi Mwanamize hakuwahi kumnyima maji.

"Manweli," alimwambia, "karata zimetoka kwenu. Nipe neno moja la kumshinda mtu huyu. Usinipe mengi, nina kazi."

Manweli akafikiri, akakuna ndevu. "Mama Misi, ree. Ree kula wote."

"Ree ndiyo kitu gani?"

"Ree!" Alitafuta neno, akalikosa, akainua vidole vinne. "Kopa, ree moja. Pau, ree moja. Shupaza, moja. Uru, moja. Ree kula wote."

"Ree ni moja?"

"Ndiyo, mama. Ree ni moja."

"Inawala wote? Hata yule mwenye taji?"

Manweli uso ukamng'aa. Hatimaye alikuwa ameeleweka. "Taji, ndiyo! Taji! Ree!"

Mnaona kilichotokea. Ree kwa lugha ya Wareno ndiye mfalme mwenyewe. Manweli alitaka kusema kwamba katika kila aina ya karata yumo mfalme mmoja, na huyo mwenye taji huwala wote, jambo ambalo kila mtoto wa Tundwani alilijua. Angesema "mmoja" kama mtu aliyelelewa na mama Mswahili, Bi Mwanamize angemwambia, "Mwanangu, hilo nalijua, chukua maji yako uende." Lakini alisema "moja". Naye Bi Mwanamize akasikia kwamba ile karata ya moja inaitwa ree, na kwamba huwala wote mpaka mwenye taji. Kwa sababu ya m iliyokosekana mdomoni mwa mgeni, mwanamke mwenye akili zake timamu aliondoka na habari iliyosimama kichwa chini miguu juu.

Hakumwuliza mtu mwingine. Aliona aibu wanaume wasije wakamwuliza naye ameanza lini kucheza. Jumatatu, Jumanne na Jumatano alivuta kamba yake, na kila alipovuta maneno yale yalimjia, ree ni moja, inawala wote, ree ni moja, mpaka yakamwingia pumzini. Hakuona ajabu yoyote ndani yake. Kwamba Mmoja ndiye mkubwa wa wote lilikuwa jambo alilolijua tangu chuoni, alipokuwa na meno ya utoto. Ajabu ilikuwa kwamba Wareno nao wanalijua, na bado wana tabia mbaya namna ile.

Alhamisi ikafika. Baraza la Mwinyi Jaha lilijaa, na waliokosa nafasi wakasimama uani. Mikeka ilitandikwa, sinia ya shaba ikawekwa. Mwinyi alikaa juu ya mto mwekundu, na Bi Mwanamize akakaa mbele yake na kanga yake ya kazini, amekunja miguu kama anayesubiri zamu ya kusuka nywele. Manweli alisimama mlangoni na bunduki aliyoitengeneza begani.

"Karata tatu tatu," alitangaza Makungu. "Anayekula mara mbili ndiye mshindi. Zikishaanguka, hakuna maneno."

Akazichanganya, akazigawa. Bi Mwanamize akainua zake. Alikuwa na nne ya pau, tisa ya shupaza, na ya tatu ilikuwa mwanamume mwenye taji na ndevu zilizopasuka katikati.

"Ni mfalme huyo!" watu waliokuwa nyuma yake wakanong'ona. "Mbusu, bibi."

"Sijambusu mwanamume tangu nimzike wangu," alisema Bi Mwanamize, "nianze na wa karatasi?"

Watu wakaangua kicheko, kisha wakakimeza. Makungu akamkazia macho. Bi Mwanamize akaibusu karata kwa pembeni pembeni, akaiweka kwenye sinia. Mwinyi Jaha akaipokea, akatazama alizonazo, akachomoa moja akaitupa mkekani kama mtu anayetupa kokwa.

"Chukua hiyo takataka, bibi. Tusije tukasema hukupewa kitu."

Bi Mwanamize akaigeuza. Ilikuwa moja ya kopa. Ilibidi ainamishe uso, asionekane anavyofurahi. Ya Rabi, alisema moyoni, mtu huyu amenipa kwa mkono wake mwenyewe!

Mwinyi Jaha akaanza. Alishusha mfalme wa pau, na Bi Mwanamize akampa nne yake. Akaliwa. Mara ya pili Mwinyi, kwa kutaka kuonja ushindi polepole, alishusha tatu ya uru. Bi Mwanamize akashusha tisa, akala. Watu wakasogea. Kila mmoja akabaki na karata moja.

Mwinyi Jaha hakuharakisha. Aliushusha uso wa mfalme wa kopa katikati ya mkeka, akaupapasa unyooke, akajiegemeza kwenye mto wake. Mfalme yule akawatazama watu wote sawasawa, maana siku hizo wafalme wa karata walichorwa wakitazama mbele. Baraza likanyamaza kama kawaida yake.

Bi Mwanamize akaweka moja yake juu ya kifua cha mfalme.

"Ree," alisema.

Kicheko kikapasuka barazani kikamwagika mpaka uani. Makungu alijifuta machozi kwa upindo wa joho. "Bibi, bibi yangu! Hiyo ndiyo ya mwisho kabisa! Hata mbili inaila hiyo!"

Bi Mwanamize akageuza kichwa kumtafuta Manweli. Manweli alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, na kwa mkono wa pili alikuwa akionyesha mfalme. "Ree," aliguna. "Mama Misi, ree, yule. Yule taji."

Hapo ndipo alipoelewa. Moja. Mmoja. Kisima cha mama wa bibi yake kimepotea kwa herufi. Aliona mitungi iliyopangwa ikimsubiri. Aliona kaburi dogo, si la mtoto yeyote anayemjua, kaburi dogo tu, lenye udongo mbichi. Akafungua mdomo wake uliojulikana mpaka ng'ambo ya mikoko, na hakukuwa na neno ndani yake.

Basi hapo Maalim Dadi, mwadhini wa Tundwani, akapanda kwenye kibao chake msikitini, akaweka mikono masikioni, akaita adhuhuri.

Allahu akbar.

Kicheko kikakatika. Hata mtu awe mpotevu namna gani, adhana ya Maalim Dadi ilimfunga mdomo. Mzee yule hakuwa na sauti nzuri, alikuwa na sauti iliyonyooka. Allahu akbar, aliita mara ya pili. Watu wakaitika chini chini. Mwinyi Jaha naye midomo ilimtikisika. Mara ya tatu. Bi Mwanamize alikuwa ameinamisha macho mkekani, na macho yake yalikuwa juu ya ile karata. Mara ya nne.

Akaiona. Alikuwa ameitazama kabla ya hapo, lakini sasa aliiona. Uwanja mweupe, na katikati yake alama moja nyekundu. Haina taji wala ndevu, haina upanga wala macho. Haina wa kuketi naye kulia wala kushoto. Karata nyingine zote zimejazwa vitu, na zenye sura zimejazwa zaidi, kama watu wanaoogopa kuonekana watupu. Hii peke yake haikuhitaji kitu. Na chini yake, mfalme wa kopa alikuwa amefunikwa kuanzia kidevuni mpaka kiunoni, amebakiwa na kichwa tu kinachochungulia. Mwili ukamsisimka Bi Mwanamize.

Adhana ikaisha. Mwinyi Jaha akanyoosha mkono avute karata.

"Subiri kidogo, Maulana," alisema Bi Mwanamize. Sauti haikuwa ile ya kisimani. "Maalim ametuambia sasa hivi nani mkubwa."

"Hayo ni ya msikitini," alisema Makungu. "Hapa ni mkekani. Moja ni moja."

"Ndilo ninalosema na mimi. Moja ni Moja."

Mzee mmoja nyuma akasema "Subhanallah," akanyamaza upesi.

Makungu hakuwa mjinga. Aliona kamba inamfikia mguuni, akairuka. "Usituchanganyie dini na mchezo, bibi. Na kama ni hivyo, hizo moja ziko nne. Kopa, pau, shupaza, uru. Je, miungu ni minne?" Akatazama watu huku na huku, akitabasamu.

"Maalim Dadi ameifungua adhana kwa kuita mara nne," alisema Bi Mwanamize. "Ulikuwa hapa, una masikio. Nenda basi kamwulize kama ameita wanne. Jina moja likitajwa mara nne ni lile lile, waziri. Lakini hawa wafalme wako, huyu ana shoka, huyu ana upanga, huyu ndevu zimempasuka, na kila mmoja ana uso wake. Hao ndio wanne."

Tabasamu la Makungu likabaki usoni bila mwenyewe. Bi Mwanamize akamgeukia mtawala.

"Maulana, mimi nimekosea mchezo, nakiri mbele ya watu. Nilidhani moja ndiyo kubwa kwa sababu ya Kiswahili kibovu cha yule aliyesimama mlangoni. Kwa sheria yako umenishinda. Kichukue kisima. Ila sitaki kusikia kwa waziri. Sema kwa mdomo wako mwenyewe, watu hawa wasikie, kwamba mfalme amemla Moja. Sema hivyo tu, nami nikuletee kamba na ndoo hapa hapa."

Mwinyi Jaha akafungua mdomo.

Watu walisikia nzi akitembea juu ya sinia. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na katika maisha yake alikwisha kusema maneno mabaya kuliko hayo bila kupepesa. Lakini sauti ya Maalim Dadi ilikuwa bado imekaa katika mawe ya baraza, na Bi Mwanamize, aliyekuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, aliona ulimi wa mtawala ukigusa meno na kurudi nyuma, ukigusa na kurudi. Jasho likamtoka chini ya kilemba. Akautazama uso wa mfalme wa kopa, kama mtu anayeomba msaada kwa ndugu. Na wote waliokuwapo, Makungu akiwamo, waliapa mpaka kufa kwao kwamba mfalme yule wa karatasi, aliyekuwa akitazama mbele, aligeuza macho akatazama pembeni.

"Tukaswali kwanza," alisema Mwinyi Jaha, na sauti ilimtoka kama ya mgonjwa.

Wakaenda wote. Barazani akabaki Bi Mwanamize na karata zilizolala mkekani, hakuna aliyethubutu kuziokota. Naye hakuzigusa. Maneno yale alikuwa ameyaokota kwa haraka, kama mwanamke anavyookota mwiko kumpiga kuku, kwa ajili ya kisima chake. Hakuwa ameyapima. Sasa, peke yake, akaona kwamba alichokiokota ni kizito kuliko kisima, ni kizito kuliko mji na ukuta wake, na kilikuwa mkononi mwake akakizungusha kama fimbo. Akaogopa. Akajifunika kanga kichwani, akageuka kuelekea kibla, akaswali pale pale.

Mwinyi Jaha alikuwa na mahali pake msikitini, nyuma ya pazia, penye busati. Siku ile, waliokuwapo walisimulia, alilipita pazia, akasimama safuni kati ya mchoma chokaa na mchuuzi wa samaki. Aliposujudu alikaa chini muda mrefu mpaka mchuuzi akadhani amezimia.

Aliporudi barazani, pamoja naye alikuja Maalim Dadi, mzee mdogo wa mwili aliyekuwa hajawahi kukanyaga pale tangu karata ziingie. Mwinyi hakukaa juu ya mto. Alipiga magoti kando ya mkeka, akamtoa mfalme wa kopa chini ya ile moja, akaiacha moja peke yake katikati.

"Moja imemla mfalme," alisema. "Kisima kiko wazi. Na mfalme akigawiwa mtu yeyote, amshike. Hana moto wa kumchoma."

Watu hawakushangilia. Kuna mambo hayashangiliwi. Makungu ndiye aliyesema, maana waziri ni mtu wa utaratibu hata nyumba ikiungua. "Maulana, sasa mfalme akae wapi? Tukimshusha bila kumpa mpaka, kesho mbili itamla."

Mwinyi Jaha alikuwa bado amemshika mfalme wake kwa vidole viwili. Alitazama juu, mahali paa la baraza lilipoachia mwanga.

"Niwekeni chini ya mbingu," alisema.

Makungu hakuelewa. Akatazama karata, akatazama paa. Maalim Dadi ndiye aliyeelewa. Mzee aliinama akapekua karata, akatoa ile yenye alama saba, akaiweka kati ya moja na mfalme. "Mbingu ni saba," alisema. "Mfalme yeyote, awe wa karatasi, awe wa nyama, anatembea chini yake."

Kisha akaokota nane, tisa na kumi, akazishika akiwaza zikae wapi juu ya saba. Mwishowe akazifunika kifudifudi, akazitoa mkekani kabisa.

"Hizi ziondoeni," alisema. "Kilichoko juu ya mbingu ya saba hakuna anayekijua, na tusichokijua hatukichezei."

Jioni ile wanawake walichota maji kama siku nyingine, ila walichelewa kuondoka. Mmoja wao akaanzisha wimbo kwa kugonga ukingo wa mtungi, wengine wakapokea, na wimbo ule bado huimbwa arusini na watu wasiojua ulikotoka:

Pisheni njia, wafalme,
Ree moja aje peke;
Mwenye taji asiseme,
Asiye sura atoke.

Manweli alikuja na ndoo yake ameinamisha kichwa. "Mama Misi, samahani. Mimi Kiswahili mbaya."

"Mbaya sana," alisema Bi Mwanamize, akamjazia ndoo mpaka ikafurika. "Na usithubutu kujifunza kizuri. Ungekijua, leo tungekuwa tunakunywa chumvi."

Na tangu siku hiyo karata ya moja huitwa ree, jina la mfalme la Wareno, ingawa haina taji, na hakuna karata inayoila. Tangu siku hiyo saba humla mfalme, na nane, tisa na kumi huwekwa kando kabla karata hazijachanganywa, hata na wachezaji wasiojua sababu. Mashehe wengine husema mchezo wote ni upuuzi, na huenda ni kweli. Lakini mtazameni mchezaji mzuri, yule asiyepiga kelele. Hata akigawiwa wafalme wote wanne, hamshushi hata mmoja mpaka ajue Moja iko wapi.